Karani wa Meza Yetu

Mama mkwe wangu hapimi watoto kwa mzani. Anawashika kwapani, anawainua mpaka macho yake na yao yalingane, anatulia kidogo, kisha anatoa hukumu. Nimewahi kumwona akifanya vivyo hivyo kwa mbuzi sokoni Ndanai, na mwenye mbuzi akashusha bei papo hapo. Kwa hiyo siku ile alipomwinua binti yangu mlangoni, nilisimama na mwiko mkononi nikingoja, kama yule mwenye mbuzi.

"Hii ni sweta peke yake," alisema.

Akamweka chini. Binti yangu, ambaye alikuwa hajamaliza miaka mitatu, akaenda zake kufukuza kuku. Mama mkwe akakaa, akanywa chai, akauliza habari za ng'ombe, akamsifu mtoto mchanga niliyekuwa nikimnyonyesha, yule mnene. Ni wakati anajifunga leso ili aondoke ndipo alisema lile lililomleta. "Nikirudi nipate bado ni sweta, nitaenda na yeye. Wewe uko na mdogo. Wacha mimi nimlishe."

Wala hakusema kwa ubaya. Kwa kina mume wangu ndivyo mambo yalivyo: mtoto mchanga akija, yule aliyeachishwa ziwa huenda kwa gogo, yaani nyanya yake, akae huko mpaka anenepe, au mpaka aanze shule, au mpaka wazazi wamkumbuke. Hakuna anayeona kuwa ni kunyang'anywa. Mume wangu mwenyewe alikulia kwa gogo yake. "Mimi nililelewa hivyo na niko sawa," aliniambia jioni hiyo. Nilimtazama kuanzia juu hadi chini. Alikuwa amevaa soksi mbili za rangi tofauti na hakuwa na habari.

Niseme wazi kwamba niliogopa. Ndanai kwake si mbali, mtu huenda na kurudi siku hiyo hiyo. Lakini nilikuwa nimeona ya shemeji yangu mmoja, ambaye mtoto wake alipelekwa huko kidogo tu, anenepeshwe. Aliporudi alikuwa mnene kweli, na alimsalimia mama yake kwa mkono, kwa adabu zote, akauliza wageni hulala chumba gani. Shemeji alicheka mbele yetu. Baadaye nilimkuta nyuma ya nyumba, hacheki.

Sasa shida ni kwamba mama mkwe hakukosea. Mtoto hakuwa anakula, na si kwamba sikujaribu. Mimi ni mtu wa Londiani. Kwetu kiazi ni chakula, ni mboga, na mahali pengine ni hongo. Nilimpondea viazi kwa siagi, nikamkaangia, nikamchanganyia na mahindi na mboga ya malenge kama wanavyofanya Wakikuyu wa kule kwetu, ambao hawajawahi kushindwa na mtoto. Alivitazama vyote kwa upole. Nikaenda kwa uji wa wimbi, mayai, ndengu, avokado. Jirani yangu, mama mmoja ambaye wazazi wake walihamia hapa kutoka Kisii, alileta ndizi za kupika akisema hajaona mtoto wa kukataa ndizi zake. Nikamwambia karibu, kaa uone. Alikaa, akaona, akabeba sufuria yake akaenda nayo imefunikwa.

Tuko na grupu ya akina mama kwenye simu, na huko kila mmoja ni daktari. Mmoja aliandika kwamba chakula kikatwe maumbo ya kupendeza. Nikakata ugali nyota. Mimi, mwanamke mzima, mwenye shamba la chai linaloningoja, nimeinama juu ya meza nakata ugali nyota. Mume wangu alipotoka shuleni, maana yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, alikula nyota tatu akiwa amesimama na kuuliza kama mboga ni mwezi. Mtoto alinitazama kwa huruma. Mwingine akaandika kwamba nimwonyeshe katuni akila. Alitazama katuni mdomo wazi, kijiko kikaingia, na mdomo ukabaki wazi vile vile mpaka katuni ikaisha na ugali ukaanguka wenyewe. Nikajaribu vitisho. Nikamwambia, "Usipokula, nitampa mbwa." Aliteremka kwenye kiti akaenda kumwita mbwa.

Lakini lililonikasirisha kuliko yote ni tabia yake mezani. Hakuwa analia wala kutema. Ningemwekea sahani yake ya plastiki, naye angeishika kwa mikono miwili na kuimwaga yote juu ya meza. Kisha angetandaza chakula kwa viganja, taratibu, mpaka kienee. Kisha angeinama na kuanza kuchambua. Kipande kigumu, chini. Kitunguu, chini. Jani la mboga lenye ushipa, analiinua juu kwenye mwanga, analigeuza, ananitazama mimi, chini. Vile vilivyompendeza alivisukumia pembeni vikawa kilima kidogo kisafi. Akimaliza, angekunja mikono juu ya tumbo na kutulia.

Basi mimi ningengoja ale kile kilima. Hali. Ningembembeleza. Hali. Ananitazama kama mtu aliyemaliza kazi yake na sasa ya kwako ndiyo imebaki. Nikichoka na kufuta meza, hapo ndipo angepiga mayowe ya kusikika mpaka barabarani, kana kwamba nimemwibia. Niliuliza hewa ya jikoni: mtu gani huyu asiyetaka chakula kiliwe na hataki kitolewe? Nikajijibu kwamba ni wa ukoo wa babake.

Na siku zilikuwa zinakwenda. Mama mkwe alikuwa akipiga simu kila baada ya ibada ya Jumapili na kuuliza swali moja tu, "Sweta iko aje?" Ningesema, "Iko sawa, mama," halafu ningekaa na simu mkononi nikimtazama mtoto.

Yaliyofuata yalitokea kwenye senta ya chai. Shamba letu ni dogo, liko nje kidogo ya Kericho, na siku za kuchuna huwa natoka asubuhi na kikapu mgongoni na mtoto mdogo kifuani, yule mkubwa akicheza kati ya mistari ya michai na kuniletea majani ambayo sikumtuma. Alasiri tunabeba mavuno mpaka senta. Wale wasiojua kazi hii hudhani ukishachuna umemaliza. Hujamaliza. Pale senta unamwaga majani yako juu ya meza ndefu, unayatandaza kwa viganja yaenee, unachambua. Majani mawili na chipukizi, hayo ndiyo yanayotakikana. Jani gumu, chini. Jani lililozeeka, chini. Yakiwa na maji, unarudishwa uyakaushe. Na karani anapita nyuma yako akiwa na koti lake la kazi, anachukua jani, analiinua juu kwenye mwanga, analigeuza, anakutazama.

Karani wetu alikuwa mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu wakati wa kupima. "Mama," aliniambia siku hiyo, ameshika jani langu moja kwa ncha za vidole, "hii ni chai ama ni kuni?" Watu wakacheka. Nikafyata mdomo, maana karani huwezi kumjibu kabla hajapima. Majibu yangu yote, na yalikuwa mazuri sana, nilimwambia jirani yangu wa Kisii tulipofika nje.

Kisha tukakaa kungoja lori la kiwanda lije kuchukua mzigo. Kazi ya mkulima wa chai ni nusu kuchuna, nusu kungoja lori. Barabara ikiwa na matope halifiki, likiwa na shughuli huko kwingine halifiki, na siku nyingine halina sababu na halifiki. Magunia yaliyokubaliwa yanapangwa pembeni, wewe unakaa karibu nayo unayalinda, maana ukiondoka ni lolote. Tulikuwa tumekaa kwenye nyasi hivyo, wanawake kwa wanaume, nikageuka kumtazama binti yangu kama hajaingia mtaroni.

Alikuwa ameketi juu ya kikapu kilichopinduliwa, kando ya gunia letu. Mikono ameikunja juu ya tumbo. Macho kwenye barabara. Hana wasiwasi, hana haraka.

"Huyu naye anangoja lori kutushinda sisi," jirani yangu akasema, na kucheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeijua ile mikono. Ilikuwa ni ile ile ya mezani, mchana na jioni, siku nenda siku rudi, na mimi nimesimama juu yake na kitambaa cha kufutia nikimwita mkaidi. Mtoto hakuwa mkaidi. Alikuwa amemwaga, ametandaza, amechambua, ameweka safi pembeni, na alikuwa anangoja lori. Na kila mara kabla lori halijafika, mama yake mzazi alikuja kumfagilia mzigo wake uliokwisha kukubaliwa. Kwa kweli hata mimi ningepiga mayowe.

Nikaona jioni inachelewa kufika. Tulipofika nyumbani nilisonga ugali upesi upesi, nikachemsha mboga ya managu, nikaweka sahani ya plastiki mezani. Alimwaga. Akatandaza. Akachambua kwa ukali wa kawaida na kunirudishia karibu nusu. Akakunja mikono.

Nikatoka nje. Nikafunga mlango. Nikasimama kwenye uwanja na mwiko mkononi, nikimtazama ng'ombe, na ng'ombe akinitazama, na nikajiuliza kama hivi ndivyo watu huanza kurukwa na akili. Kisha nikajikaza kisabuni. Nikafungua mlango na kuingia nikinguruma, mwiko mbele, na kupiga honi. "Piii. Piii."

Binti yangu aliinuka akasimama juu ya kiti. Uso wake wote ulifunguka. "Lori," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye amekuwa na imani muda wote.

Alipakia mwenyewe, tonge baada ya tonge, kwenye mwiko. Lori likaondoka, likazunguka sahani, likapita kwenye matope karibu na chumvi, likarudi nyuma kwa uangalifu mpaka kwenye mlango wa kiwanda. Kiwanda kilikuwa ni mdomo wake, na hilo hakuna aliyemwambia, alijua. Kiwanda kikafunguka. Lori likashusha mzigo. Kiwanda kikatafuna, kikameza, kikafunguka tena. Alikula kilima chote, kisha akainama chini ya meza kuangalia kama kuna majani aliyoyakataa kwa makosa.

Niliketi sakafuni nikacheka mpaka machozi yakatoka, na kwa kuwa yalikuwa yameshatoka nikaendelea kulia kidogo, nimalize yote mara moja. Mume wangu alitukuta hivyo. Nilipomweleza alichukua mwiko, akauzungusha mkononi, akauliza honi ya lori letu iko sauti gani. Kuanzia siku hiyo dereva akawa yeye. Na nikwambie, kazi ya ualimu hajawahi kuifanya kwa bidii hiyo. Kulikuwa na jioni lori lilikwama na ikabidi mimi nilisukume. Kulikuwa na jioni dereva aligoma akidai chai kwanza.

Msidhani karani wangu mdogo alilegea. Chakula chenye mchuzi kilirudishwa kikakaushwe. Nyama ilikaguliwa pande zote. Na siku moja niliposonga ugali kwa haraka ukatoka na mabonge, aliinua bonge moja kwa ncha za vidole, akaligeuza, akanitazama machoni na kusema, kwa ile sauti ya chini, "Mama, hii ni kuni." Dereva wa lori alilazimika kutoka nje. Lakini mtoto alikuwa anakula. Mashavu yalianza kujaza uso. Nilianza kuhisi mapaja ndani ya suruali yake wakati wa kumvisha, na nilikuwa nikiyabana kidogo kila asubuhi, kwa furaha tu.

Woga haukuniisha, ila ulibadilika. Mama mkwe wangu ni mtu ambaye kwake chakula hakichezewi. Watoto wanakula pamoja kutoka sinia moja, na anayechelewa anakuta sinia. Nilijiuliza ataniweka wapi siku atakapoona mjukuu wake akimwaga ugali mezani na mwanawe mwalimu akiingia ndani ya nyumba kwa kinyumenyume akilia "piii". Angebeba watoto wote wawili, na pengine na huyo mwanawe.

Alipiga simu Jumamosi moja asubuhi. Akija kututembelea hatangulizi habari, yeye hupiga akishafika. "Niko hapa kwa barabara," alisema. Nikaanza kukimbia ndani ya nyumba bila kujua nakimbilia nini. Bodaboda ikamshusha mlangoni. Kwa mkono mmoja alishika kibuyu cha mursik, yale maziwa yanayolala kwenye kibuyu mpaka yanaganda. Kwa mkono wa pili alishika begi kubwa la nguo. Niliona mara moja kwamba begi lilikuwa tupu.

"Chamgei," tukasalimiana.

Akaweka kibuyu chini, akaweka begi chini, akamshika mtoto kwapani, akamwinua. Alitulia kuliko siku ile nyingine. Mimi na mume wangu tulisimama bega kwa bega. Mtoto alimtazama nyanya yake na kumwinua kidevu, akamkagua meno.

"Sweta imeongezeka kidogo," mama mkwe akasema. "Inaweza kuwa ni sweta mpya. Wacha nione akikula."

Nikapakua. Ugali, managu, kuku aliyekaushwa vizuri, hakuna mchuzi, nilikuwa namjua karani wangu. Lakini kabla sijaweka sahani, mama mkwe alikuwa ameshatikisa kibuyu na kumimina mursik kwenye kikombe, akakisukuma mbele ya mtoto. "Anza na hii," alisema. "Hii ndiyo ya kujenga mifupa."

Binti yangu aliinama juu ya kikombe. Sasa, kila mtu wa huku anajua mursik ina vichembe vyeusi. Kibuyu husafishwa kwa kaa la mti wa senetwet, na unga wa lile kaa ndio unaoyapa maziwa harufu na ile rangi ya kijivu. Anayeyajua huvitafuta vile vichembe. Karani hakuwa ameelezwa. Alichovya kidole, akakitoa, akakiinua juu kwenye mwanga, akakigeuza.

"Chafu," alisema. "Rudisha."

Mume wangu akakumbuka kwamba ng'ombe hajapewa maji, akatoka. Ng'ombe alikuwa amekunywa maji saa hiyo hiyo, nilimwona mwenyewe. Kukataa mursik ya mtu mbele ya aliyeitengeneza, nyumbani kwa mwanawe, si jambo la kuomba radhi na kusonga mbele. Wako wakubwa waliokosana miaka kwa kidogo kuliko hicho.

"Amesema nini?" mama mkwe aliuliza. Alikuwa amesikia.

Nikaona hakuna pa kukimbilia. Nikamweleza yote bila kupunguza: senta, meza, karani, majani magumu, lori, kiwanda. Yeye halimi chai. Kwake ni mahindi na ng'ombe, na chai anaijua ikiwa kwenye kikombe. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anamtazama mtoto, ambaye alikuwa ameanza kuchambua ugali na kututupia vipande miguuni.

"Hata yule kijana wa kupima maziwa alinirudisha juzi," alisema mwishowe. "Ati yako na maji. Ng'ombe yangu mwenyewe."

"Ukafanya nini, mama?"

"Nilikataa kuondoka."

Akavuta kiti karibu na meza. Akamweleza karani, kwa heshima, kwamba huo si uchafu, ni kaa la senetwet, kwamba amelichoma mwenyewe, kwamba ng'ombe ni mzuri na kibuyu ni cha marehemu mama yake. Karani alimsikiliza na kichwa amekiinamisha upande. Kisha akanyoosha kidole kwangu, yaani nyuma yangu, na kusema, "Panga laini."

Na mama mkwe wangu, mwanamke ambaye ameketi mbele katika kila harusi niliyowahi kumwona, aliinuka, akachukua kikombe chake, akaja kupanga laini, foleni kabisa, nyuma yangu ndani ya sebule yangu. Nilikuwa nimeuma ndani ya shavu nisicheke. Nilisikia pumzi zake mgongoni. "Huyu anaringa," aliniambia kwa sauti ya chini. Nikamwambia ndivyo walivyo wote.

Mimi nilipimwa kwanza. Mboga yangu ilipita, ugali ukapita nusu. Ikaja zamu yake. Alifanya kama inavyofanywa kwao, kwamba anayetoa huonja kwanza mgeni akiona: alipiga fundo moja kubwa la mursik, akabaki na masharubu ya kijivu. Karani akayatazama yale masharubu kwa muda. Akacheka. Akasema, "Sawa. Weka hapo."

Kisha akakunja mikono juu ya tumbo.

Dereva alikuwa bado anajificha kwa ng'ombe. Nikatazama mlango, nikamtazama mama mkwe. Nikachukua mwiko na kumpa. Aliutazama ule mwiko, akavua viatu sijui kwa nini, akatoka nje na kufunga mlango. Alikawia mpaka nikadhani ameenda kutafuta bodaboda. Halafu tukasikia mngurumo huko nje, mzito, lori kubwa kuliko letu, na honi iliyomfanya mtoto mchanga aamke. Lori la Ndanai likaingia.

Alikula kila kitu. Ugali, kuku, managu mpaka shina, mursik kikombe na nusu. Mume wangu alisimama mlangoni akimtazama mama yake akirudi nyuma na mwiko kwenye kiwanda, na sidhani aliwahi kumwona hivyo maishani mwake.

Nilishinda. Niseme ukweli, niliinua mabega. Nilikuwa tayari nimeanza kutunga kichwani ujumbe wa kuwatumia wale madaktari wa grupu. Nilimnawisha mama mkwe mikono kwa maji moto, nikammiminia chai, nikamwambia akae, akasema ng'ombe hawezi kujikamua. Akachukua begi lake. Nikaona alivyolikunja, mara mbili, kisha mara ya tatu, mpaka likawa dogo la kuingia kwapani.

Tukamsindikiza mpaka barabarani, mimi na binti yangu, mtoto mchanga akabaki na babake. Wao wawili walitangulia wameshikana mikono. Nilikuwa nikitembea nyuma nimeshiba furaha.

"Anakula," alisema bila kugeuka.

"Anakula, mama."

"Basi sina sababu tena."

Nilidhani anatania, nikacheka kidogo. Kisha nikamtazama mgongo wake. Tulipofika barabarani alisimama akiangalia upande wa bodaboda, akasema kwamba alikuwa amenunua kagodoro, kadogo, akakaweka karibu na kitanda chake, ukutani, kusiko na baridi. Kwamba watoto wa yule shemeji yangu sasa wote wako shuleni, wamekua, hawaji. Kwamba anasonga ugali wa mtu mmoja na hajajifunza bado, unabaki, na mbwa amenenepa. Hakuwa analalamika. Alisema kama mtu anayesema habari za mvua.

Nilihisi vibaya sana. Siku zote hizo nilikuwa nimemwogopa mwanamke anayekuja kunichukulia mtoto kwa kuwa ni mwembamba. Haikuniingia akilini kwamba wembamba ulikuwa tu ndio mlango aliouona uko wazi. Sasa nilikuwa nimeufunga, tena kwa shangwe. Na mtoto sikuwa natoa, hilo pia niseme. Si kwa kagodoro, si kwa machozi. Nilisimama pale nimejaa yote mawili.

Bodaboda ikasimama. Akaanza kuinua mguu apande.

"Mama," nikasema. "Kuna shida moja."

"Gani?"

"Ni mboga. Nilikuwa naona haya kukwambia. Huyu mtoto hakuli mboga kabisa."

Alishusha mguu. Akamgeukia mjukuu wake. Mtoto alikuwa ameinua uso akimtazama, na managu ilikuwa imemjaa kuanzia pembe ya mdomo mpaka kidevuni, kijani, na nyingine kwenye kola ya sweta. Mama mkwe aliitazama. Alinitazama mimi. Kisha akashika ncha ya leso yake, akailowesha kwa ulimi, akainama, na kumfuta mtoto mdomo polepole, pembe moja, pembe ya pili, na kidevu, mpaka hapakubaki kitu.

"Hakuli kabisa?" aliuliza.

"Kabisa, mama."

"Hiyo ni mbaya," akasema, akapanda bodaboda na kuweka begi mapajani. "Basi nitakuwa nakuja kila Jumamosi."